Manjano Juani, Manjano Chunguni

Ijumaa moja wakati wa kaskazi, ami yangu alirudi kutoka kwenye walima mtaa wa Kibokoni akiwa na doa la biriani kifuani mwa kanzu yake nyeupe, doa la ukubwa wa kiganja cha mtoto, lililokoza katikati na kuzungukwa na ukingo wa mafuta. Shangazi aliipokea kanzu bila ya kusema neno, akailowanisha, akaisugua kwa sabuni ya mche, na papo hapo lile doa likageuka jekundu. Binti yangu, aliyekuwa amesimama karibu na karai, akapiga ukelele. "Usishtuke, mjukuu wangu," Shangazi akamwambia, "si damu hiyo, ni manjano yamekutana na sabuni. Suuza, kisha kaianike. Jua litayala." Kanzu ikaanikwa kwenye kamba ya darini, na kufikia alasiri ya siku ya pili kilichobaki ni kivuli cha rangi ambacho mtu asiyejua pa kutazama asingekiona.

Mimi nilisomea kemia, ingawa riziki yangu siku hizi naipata kwa kukausha, kusaga na kufungasha viungo nyumbani, hapa Mji wa Kale wa Mombasa. Swali ambalo wateja huniuliza kuliko yote ni hili: je, manjano mabichi ni bora kuliko ya unga, na je, nikiyapika si ninaiua dawa iliyomo? Kwa miaka mingi nilijibu kwa mkato, kwamba mabichi ni bora, kwa sababu jibu hilo humridhisha kila mtu. Siku ile, nikiwa nimesimama darini mbele ya ile kanzu, niliona kwamba jibu langu halikuwa la kweli, na kwamba sehemu kubwa ya jibu sahihi ilikuwa inaning'inia kwenye kamba.

Rangi ya manjano hutokana na kiini kiitwacho kurkumini, pamoja na ndugu zake wawili wanaofanana nacho sana, na wote watatu kwa pamoja huitwa kurkuminoidi. Katika manjano makavu ya kawaida huwa ni kati ya asilimia 2 na 5 ya uzito, ingawa aina iitwayo Alleppey, inayotoka Kerala kusini mwa India, huweza kupita kiwango hicho. Kiini hiki kilitengwa mara ya kwanza na Vogel na Pelletier mwaka 1815, lakini umbo la molekuli yake halikujulikana hadi mwaka 1910. Kina tabia tatu ambazo ni lazima zieleweke kabla ya mtu kuzungumza juu ya kuchemsha au kusaga. Kwanza, hakipatani na maji bali hupatana na mafuta, na ndiyo sababu doa la kanzu lilikuwa limejishikiza kwenye ukingo wa mafuta na halikutoka kwa maji matupu. Pili, hakistahimili magadi wala kitu chochote cha jamii ya magadi, sabuni ikiwemo. Kikikutana navyo hugeuka chekundu, na kikiachwa humo huanza kuvunjika. Katika jaribio moja linalotajwa sana, kurkumini iliyowekwa kwenye maji yasiyo na uasidi, yenye joto la mwili la nyuzi 37, ilivunjika kwa takriban asilimia 90 ndani ya nusu saa. Tatu, mwanga huivunja, na mwanga wa jua la Mombasa, ambao hauhitaji kusifiwa, huivunja upesi.

Tabia hizo tatu ni za rangi tu, na mzizi wa manjano si rangi peke yake. (Wataalamu wa mimea watanisahihisha kwamba si mzizi bali ni shina linalotambaa chini ya ardhi, na wana haki, lakini sokoni hakuna aliyewahi kuomba kilo ya mashina.) Ile harufu ya udongo uliolowa na machungwa inayokupiga unapokata kidole cha manjano mabichi ni mafuta mepesi yanayoruka, ambayo viini vyake vikuu huitwa tumeroni. Tumeroni haziogopi jua kwa namna ile ile kurkumini inavyoliogopa. Adui zake ni joto, mvuke na hewa. Kwa hiyo tendo moja la jikoni linaweza kuihifadhi rangi na kuipoteza harufu, na tendo jingine likafanya kinyume chake, na yule anayeuliza kama dawa imekufa hana budi kwanza kueleza ni dawa ipi.

Mwaka jana niliamua kuacha kubahatisha. Nilinunua kilo tano za manjano mabichi katika soko la Kongowea, nikayaosha kwa brashi ya nguo, nikayagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza, kilo mbili, niliyachemsha mazima katika sufuria kwa njia inayotumiwa India kwa karne nyingi: maji yayafunike, moto uwe wa wastani, na usubiri hadi povu litokee na mvuke mweupe wenye harufu ya manjano uanze kupanda, jambo ambalo huchukua baina ya dakika 45 na saa moja. Kipimo cha kuiva ni kuchoma kwa kijiti butu. Mimi nilitumia kijiti cha mshikaki nilichokivunja ncha, na kilipopenya bila ya kulazimishwa nikaepua. Fungu la pili nililikata vipande vyembamba nikavianika juani darini. La tatu nililikata vivyo hivyo, lakini nikavitandaza kwenye sinia chumbani, kivulini, chini ya feni.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni maji ya kuchemshia. Nilitarajia yatoke yamekoza kama rangi ya nyumba, kwa sababu hiyo ndiyo hofu ya kila mteja, kwamba dawa yote humwagwa pamoja na maji. Yalikuwa ya manjano, ndiyo, lakini manjano ya chai iliyotiwa maji mara ya pili. Kwa kuwa kurkumini haipatani na maji, haina haraka ya kutoka mzizini. Kinachotokea ndani ni kwamba wanga huiva na kuwa kama uji, vimeng'enya, yaani vile viini vinavyochochea mabadiliko ndani ya mzizi, husimama, na rangi iliyokuwa imefungika katika vijumba vyake husambaa sawasawa katika nyama yote ya mzizi. Vidole vilivyokatwa baada ya kukauka vilikuwa na rangi moja kutoka ganda hadi moyoni. Hasara ya njia hii ni mafuta mepesi, maana ule mvuke mweupe wenye harufu nzuri ni tumeroni zinazoaga. Zamani baadhi ya wakulima walikuwa wakitia magadi au chokaa kidogo katika maji hayo ili rangi ing'ae zaidi. Aliyeiona ile kanzu ya ami hatahitaji kuelezwa kwa nini mimi sitii.

Vidole vilivyochemshwa vilichukua siku 12 kukauka, vikitandazwa asubuhi na kufunikwa jioni kabla ya umande. Kidole kilichokauka sawasawa ukikivunja hulia kama chuma chembamba, na kisipolia bado kina maji. Kutoka kilo mbili nilipata gramu 410, yaani mtu anayenunua kilo moja ya manjano makavu anabeba takriban kilo tano za mabichi, na inafaa alikumbuke hilo anapolalamikia bei.

Vipande vilivyoanikwa juani vilikuwa vikavu siku ya tatu, na nilijipongeza mapema. Nilipovigeuza ndipo nilipoona: upande wa juu ulikuwa umepauka kama gazeti lililosahauliwa dirishani, na upande wa chini, uliolalia mkeka, ulikuwa bado na rangi ya machungwa iliyoiva. Jua lilikuwa limekula kile kile lilichokila kwenye kanzu. Kidole kizima hulindwa na ganda lake na unene wake, ndiyo maana India huweza kuvianika vizima wiki mbili bila ya kuharibika sana; kipande chembamba hakina pa kujificha. Vile vya kivulini vilihifadhi rangi na harufu kuliko vyote, lakini vilichukua siku sita, na usiku mmoja mvua ilinyesha, umeme ukakatika, feni ikasimama, na asubuhi sinia mbili kati ya nne zilikuwa na ukungu mweupe kwenye kingo. Nilivitupa vyote vya sinia hizo mbili. Ukungu kwenye viungo si suala la sura. Baadhi yake huacha sumukuvu ambayo haitoki kwa kuosha wala kwa kupika, na kwa unyevu wa pwani yetu hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko kupoteza asilimia kadhaa za kurkumini. Kwa hiyo mimi sasa huchemsha mazima kwa ajili ya kuuza, na hukausha vipande kivulini kwa ajili ya nyumbani tu, tena wakati wa kaskazi kavu, si karibu na masika.

Suala la rangi lina upande mwingine ambao siwezi kuupita kimya. Manjano yaliyokauka vibaya hupauka, na mnunuzi huyakataa. Nchini Bangladesh, inaelezwa kwamba katika miaka ya 1980, baada ya mafuriko kuwaachia wasindikaji mizizi iliyolowa na kufifia, baadhi yao walianza kuing'arisha kwa kemikali ya njano yenye risasi, ile inayotumiwa katika rangi za viwandani. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019 ndio uliolianika jambo hilo hadharani, serikali ikachukua hatua, na sampuli zenye risasi sokoni zikashuka kutoka asilimia 47 mwaka huo hadi kutoonekana kabisa mwaka 2021. Nimelieleza hili kwa sababu mteja anapokuja kwangu na kuniambia unga wangu hauwaki kama ule alioununua kwingine, najua anapima nguvu kwa macho, na macho ndiyo yaliyodanganywa kule. Unga halisi una njano ya udongo, yenye uchungwa kidogo. Unaowaka kama rangi ya basi la shule unastahili kuulizwa maswali.

Kusaga nako kuna mambo yake. Mara ya kwanza nilipeleka vidole vyangu kwenye mashine ya kusagia ya mtaani, ambayo muda mfupi kabla yake ilikuwa imesaga pilipili kali, na kijana wa mashine akaniapia kwamba ameisafisha. Wateja wangu watatu walinirudishia pakiti. Lakini hata kama ingekuwa safi, unga ulitoka wa moto kiasi kwamba sikuweza kuushika mkononi, na kile kibanda kizima kilinukia manjano vizuri ajabu, nami nikasimama pale nikiifurahia ile harufu bila ya kukumbuka kwamba ilikuwa mali yangu inayotoka mlangoni. Mashine inayozunguka kwa kasi hupasha moto, na mafuta mepesi hayasubiri. Sasa nasaga kidogo kidogo, nikiipumzisha mashine, na vidole nimeviweka kwanza kwenye jokofu usiku kucha. Kurkumini yenyewe haijali sana kusagwa. Tatizo lake huanza baada ya kusagwa, kwa sababu unga una uso mkubwa sana wa kukutana na hewa na mwanga kuliko kidole kizima. Anayeweza kununua vidole na kutwanga vya wiki moja kwenye kinu atapata kitu bora kuliko pakiti yoyote, zangu zikiwemo.

Sasa tuingie chunguni, ambako ndiko hofu ya watu iliko. Mwaka 2007 watafiti wa taasisi ya teknolojia ya chakula iliyoko Mysore, India, walichapisha vipimo vya kile kinachobaki katika viungo baada ya kupikwa kwa njia za nyumbani. Manjano yalipoteza kati ya asilimia 27 na 53 ya kurkumini, na hasara kubwa kabisa ilitokea kwenye sufuria ya presha kwa dakika 10. Kwa hiyo ni kweli kwamba kupika hupunguza. Lakini katika vipimo hivyo hivyo walitia ukwaju, na hasara ikashuka hadi kati ya asilimia 12 na 30. Sababu ni ile tabia ya pili: kurkumini huvunjika mahali penye umagadi na hutulia mahali penye uasidi, na ukwaju, kama ilivyo ndimu na embe bichi, huugeuza mchuzi wote kuwa mahali pake pa salama.

Nilipolisoma hilo nilifikiria samaki wa kupaka. Ndani yake mna manjano, ndimu au ukwaju, tui zito la nazi, tangawizi na, katika nyumba nyingi, pilipili manga. Tui ni mafuta, na kurkumini huyeyuka ndani ya mafuta. Ukwaju huilinda motoni. Pilipili manga nitaieleza hivi punde. Sitaki kusema kwamba mabibi zetu walikuwa wanakemia waliofichama, kwa maana walikuwa wanatafuta ladha na walikuwa wanazuia samaki asinuke, basi. Ila ladha waliyoifuata imetokea kuwa njia nzuri kuliko ile juisi inayouzwa kwenye chupa za plastiki siku hizi, ya manjano mabichi yaliyosagwa na maji na tangawizi. Ichukue chupa hiyo uiache mezani robo saa. Chini kutakuwa na tope la njano nzito na juu maji yaliyofifia, na wanywaji wengi hunywa juu na kulimwaga tope. Wanamwaga kile walichokilipia. Nikiinywa mimi huitikisa, natia ndimu, na nainywa pamoja na kitu chenye mafuta, hata kama ni mahamri.

Na moto si adui tu. Watafiti nchini Marekani walionyesha, pia mwaka 2007, kwamba kuchemsha kurkumini kwa dakika 10 kuliongeza kiasi kinachoyeyuka majini mara 12. Tusifurahi kupita kiasi, kwa sababu mara 12 ya kitu kilicho karibu na sifuri bado ni kidogo, lakini anayekunywa maziwa ya manjano aliyoyachemsha kwa muda mfupi amefanya jambo la maana kuliko aliyekoroga unga kwenye maji baridi: amepata joto la kuyeyushia na mafuta ya maziwa ya kubebea. Kosa ni kuyaacha jikoni yatokote saa nzima.

Pilipili manga ina kiini chake kiitwacho piperini. Mwaka 1998, huko Bangalore, wanasayansi walionyesha kwamba miligramu 20 za piperini zikitumiwa pamoja na gramu mbili za kurkumini, kiasi cha kurkumini kinachoingia katika damu ya binadamu kiliongezeka kwa asilimia 2,000. Tarakimu hii imebandikwa kwenye kila chupa ya vidonge duniani, na ni nadra kuelezwa kwamba bila ya piperini kiasi kilichoonekana katika damu kilikuwa kidogo mno. Piperini hufanya kazi kwa kuzuia ini na utumbo visiiondoe kurkumini haraka, na kwa sababu hiyo hiyo huweza kuzuia baadhi ya dawa za hospitali zisiondolewe kwa kasi inayotakiwa. Miligramu 20 zinapatikana katika chini ya robo ya kijiko cha chai cha pilipili manga iliyosagwa. Nayo pia hupungua chunguni, kwa asilimia 16 hadi 34 katika vile vipimo vya Mysore, kwa hivyo ni bora inyunyizwe mwishoni.

Hapa inafaa tufanye hesabu ambayo wauzaji wenzangu hawapendi ifanywe. Kijiko cha chai cha unga wa manjano kina uzito wa gramu tatu hivi. Kwa asilimia 3, hizo ni miligramu 90 za kurkuminoidi. Mchuzi ukila theluthi yake, zinabaki 60, na chungu kikila watu sita, kila mmoja amepata miligramu 10. Majaribio ya kitabibu hutumia mamia ya miligramu kwa siku, mara nyingi hadi gramu moja au zaidi, na hata hivyo mwaka 2017 kundi la wanakemia lilichapisha mapitio marefu likisema kwamba kurkumini haitulii, hainyonywi vizuri, na haijawahi kufaulu katika jaribio lililodhibitiwa kikamilifu. Wako wanaowapinga, na mimi sidai kuamua ugomvi wao. Ninachokidai ni kwamba mtu hapaswi kuacha dawa ya kisukari kwa ajili ya kijiko changu cha unga.

Vidonge vyenye asilimia 95 ya kurkuminoidi hutatua tatizo la uzito na kuleta jingine. Katika usindikaji wake tumeroni huachwa nyuma pamoja na wanga na nyuzi, kwa hiyo anayevimeza hali manjano, anakula rangi yake iliyosafishwa. Mwaka 2019 mamlaka za afya za Italia zilitoa tahadhari baada ya watu kadhaa kuugua homa ya ini wakiwa wanatumia vidonge vya aina hiyo. Wataalamu wa kimataifa wa usalama wa chakula wameweka kikomo cha miligramu 3 za kurkumini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kiwango ambacho mchuzi hauwezi kukikaribia na vidonge viwili huweza kukipita. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, au mwenye mawe katika nyongo, amuulize daktari wake kabla ya kuniuliza mimi.

Nimekaa sana na manjano, na tangawizi inastahili zamu yake, kwa sababu ndiyo inayoonyesha waziwazi kwamba kusindika si kupoteza tu. Tangawizi mbichi hupata ukali wake kutokana na jinjeroli. Ukiikausha au ukiipasha moto, molekuli ya jinjeroli hudondosha chembe moja ya maji na kuwa kitu kingine, shogaoli, jina lililotoholewa kutoka neno la Kijapani la tangawizi. Katika mzizi mbichi shogaoli karibu haipo. Katika ule mkavu imo ya kutosha, na ukali wake ni zaidi ya maradufu ya jinjeroli. Muuza kahawa tungu anayepita Makadara jioni na dele lake la makaa hutumia tangawizi kavu iliyotwangwa, na kila aliyewahi kuunguzwa koo na kikombe chake anaijua shogaoli ingawa hajawahi kulisikia jina lake. Na tangawizi ikipikwa kwa muda mrefu, kama kwenye biskuti, sehemu ya jinjeroli hugeuka zinjeroni, iliyo tamu na pole. Mzizi ni mmoja, na dawa ni tatu kulingana na ulivyotendewa. Wajawazito wengi waliosaidiwa na tangawizi katika majaribio ya kutuliza kichefuchefu walipewa unga wa ile kavu, takriban gramu moja kwa siku, kwa hivyo anayesema kwamba kavu haina kitu amekosea mlango.

Iliki, ambayo wengi hawajui kwamba ni ya ukoo mmoja na manjano na tangawizi, sina mengi ya kuisemea. Nguvu zake zote ni mafuta mepesi yaliyomo katika mbegu, na ganda lake ndilo mlinzi. Ivunje siku unayoihitaji. Iliki iliyosagwa kiwandani na kukaa dukani miezi sita ni vumbi la heshima.

Narudi kwenye darini. Baada ya lile jaribio nilitia unga wa fungu moja katika chupa mbili za kioo zinazofanana, moja nikaiweka kabatini na nyingine kwenye dirisha linalotazama mashariki, nikaziacha miezi mitatu. Ya kabatini haikubadilika kwa macho yangu. Ile ya dirishani ilipauka upande uliotazama nje, na nilipoitikisa rangi zilichanganyika zikawa kama mchanga wa pwani. Nilikusudia kuitupa, lakini Shangazi alinipokonya. Anauza viazi karai wakati wa magharibi nje ya mlango wetu, na aliniambia wateja wake hawaji kutafuta dawa, wanakuja kwa ajili ya ukwaju. Kisha akaongeza vijiko viwili kwenye unga wa kuchovya, akautazama, akaongeza cha tatu.